Mnunuzi Naye Ataulizwa



Katika parokia zetu za Kivu, Maniema na Katanga, watu wengi wanakula kwa njia ya madini. Mmoja anachimba, mwingine anaosha mchanga mtoni, mwingine anabeba gunia mgongoni, mwingine anauza maharagwe na mawese karibu na karieri. Wengine ni manegosianti, ndio wale wanaonunua kwa wachimbaji na kuuzia komptuari, nyumba zile zinazopeleka mzigo ng'ambo. Hata yule asiyegusa jiwe anapokea feza iliyotoka katika jiwe. Mwalimu analipwa na wazazi wachimbaji, fundi anajenga nyumba ya negosianti, na sahani ya sadaka inapita mbele ya wote.

Kwa sababu hiyo swali moja linarudi kila mara katika mazungumzo yetu, nasi tumeona vema kulitazama pamoja nanyi. Mtu akinunua mali kwa feza yake, akapima vizuri, akalipa bei waliyopatana, je, atajibu tena kwa ajili ya mambo yaliyotendeka kabla mali hiyo haijafika mkononi mwake? Wengi wanasema hapana. «Mimi nililipa. Sikuiba, sikushika bunduki, sikumpiga mtu. Aliyeniuzia ndiye ataulizwa.» Maneno haya yanaonekana kuwa ya haki. Tuyapime polepole.

1. Malipo yanamaliza deni gani?

Ni kweli kwamba aliyelipa hana deni tena kwa yule aliyemuuzia. Lakini mbele ya mizani hawasimami watu wawili tu. Nyuma ya muuzaji kuna mwingine asiyeonekana: kijana aliyeshuka shimoni, mama aliyeponda mawe akiwa na mtoto mgongoni, mchukuzi aliyetozwa feza kwenye bariere tatu kabla ya kufika barabarani. Huyu hakuja sokoni wala hakusikia bei. Ikiwa alifanyishwa kazi kwa nguvu, au ikiwa alinyang'anywa nusu ya mzigo wake, malipo yetu kwa muuzaji hayakumfikia. Deni lake linabaki.

Mfalme Daudi alilielewa neno hili. Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 23, tunasoma habari za mashujaa watatu waliopenya kambi ya Wafilisti ili wamletee maji ya kisima cha Betelehemu, kwa kuwa alikuwa ameyatamani. Maji yale hayakuwa ya wizi, na kisima kilikuwa cha mji wake mwenyewe. Hata hivyo alipoyapokea hakuyanywa. Aliyamwaga mbele ya Mungu, kwa sababu aliona ndani yake damu ya watu waliohatarisha maisha yao. Haikumtosha kwamba maji ni safi. Alitazama yamegharimu nini, na ni nani aliyelipa gharama hiyo.

Tena kuna jambo la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza. Feza haisimami pale ilipolipwa. Inarudi nyuma kwa njia ile ile ambayo mzigo ulipitia. Ikiwa kwenye njia hiyo kuna mtu wa bunduki anayechukua sehemu yake, feza yetu itamfikia, naye atanunua risasi, na kesho atasimama tena mahali pale pale. Basi anayenunua anagusa jambo la jana, na pia anaagiza jambo la kesho. Yule asiyeuliza hawezi kusema kwamba mambo yote yalitendeka bila yeye. Sehemu moja ilitendeka kabla yake, lakini sehemu nyingine itatendeka kwa feza yake.

2. Namna dunia ilivyoanza kuuliza

Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda ghafula, kwa sababu viwanda vya vyombo vya umeme vilitafuta sana tantali, chuma kinachotoka ndani ya koltani na kutumika katika simu. Wakati ule Kivu ilikuwa katika vita. ONU iliweka kundi la wachunguzi juu ya mali ya Kongo, na katika raporti ya Oktoba 2002 walitaja makampuni 85 ambayo, kwa maoni yao, hayakufuata kanuni za OCDE, muungano wa inchi zenye viwanda. Mengi yalikana, na baadhi yalijibu sawasawa na watu wetu: sisi tulinunua tu.

Julai 2010 Marekani ilitoa sheria ambayo kifungu chake cha 1502 kinadai makampuni yanayouza hisa zao katika soko la huko yaseme kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu wanazotumia zinatoka Kongo au katika mojawapo ya inchi tisa zinazopakana nasi. Novemba mwaka ule ule, Baraza la Usalama la ONU lilikubali, katika azimio namba 1952, mwongozo wa kuwachunguza wauzaji. Mwaka 2011 OCDE ilitoa mwongozo wake wenye hatua tano. Februari 2012 serikali yetu ya Kongo yenyewe iliingiza katika sheria mpango wa CIRGL wa kuthibitisha madini, na Mei mwaka ule ilisimamisha komptuari mbili za Goma zilizolaumiwa kwa kununua bila uchunguzi. Umoja wa Ulaya ulitoa sheria yake mwaka 2017, nayo ilianza kufanya kazi tarehe 1 Januari 2021.

Desemba 2018, pale Oslo, Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi alipopokea tuzo ya Nobel ya amani, aliwaomba watu wote wanaotumia simu na mapambo wafikiri kidogo juu ya gharama ambayo wanadamu wamelipa ili vitu hivyo vipatikane. Tusidhani kwamba maneno yale yalikuwa ya wazungu tu. Simu iko hata katika mfuko wetu.

Katika hatua tano za OCDE kuna jambo moja linalotufundisha. Ukaguzi mkubwa unawekwa kwenye viwanda vinavyoyeyusha madini. Sababu yake ni nyepesi kuelewa. Mawe yakiisha kuingia motoni, ya Maniema na ya Brazili yanakuwa chuma kimoja, na hakuna anayeweza tena kuyatenga kwa macho. Basi kila swali lazima liulizwe kabla ya moto. Nasi tulio karibu na shimo ndio tunaoweza kulijibu vizuri kuliko wote.

3. Tuulize nini?

Mtu anayetaka kufanya biashara na mwingine, hasa ikiwa mzigo utavuka mpaka, anapaswa kuuliza maswali matano.

Kwanza: mwenye mali ni nani? Jina lililoandikwa mlangoni halitoshi. Mara nyingine kooperative ina mwenyekiti anayejulikana na watu, lakini nyuma yake yuko mkubwa mmoja anayekula faida bila kuonekana. Tangu mwaka 2008, kwa azimio 1857, ONU inaweza kuwawekea vikwazo watu wanaosaidia makundi yenye silaha kwa biashara ya mali ya asili. Marekani na Ulaya zina orodha zao. Machi 2022 Marekani iliweka katika orodha yake kiwanda kimoja cha kusafisha dhahabu cha Uganda, ikisema kilipokea dhahabu kutoka sehemu za vita huku kwetu. Anayeshirikiana na mtu aliye katika orodha kama hizo anaweza kuona benki imefunga feza yake, hata kama yeye hakujua.

Pili: mzigo umetoka shimo gani? Karieri zilizotembelewa na wakaguzi zinapewa rangi: kijani, njano au nyekundu. Lakini rangi peke yake haitoshi. Tuangalie na kiasi. Shimo lenye wachimbaji ishirini wenye sururu na koleo haliwezi kutoa mzigo wa kujaza malori kila juma. Likitoa, ujue kuna mzigo wa mahali pengine ulioingia usiku.

Tatu: umepita njia gani, na ni nani aliyelipwa njiani? Hesabu bariere. Uliza ni ipi ya serikali yenye karatasi, na ni ipi ya watu waliofunga kamba tu barabarani.

Nne: mbona bei iko chini? Anayeuza chini ya bei ya soko amekimbia jambo fulani: kodi, au mwenye mali, au swali. Furaha ya kupata bei ndogo imewafunga wengi macho.

Tano: ni nani aliyechimba? Kama ni watoto, hakuna karatasi itakayowafanya wawe watu wazima.

Mtu mmoja atasema: «Kuuliza hivi ni kumtukana mwenzangu.» Sivyo. Kijana akitaka kuoa, je, wazee hawaendi kuuliza habari za ukoo ule? Wanauliza juu ya magonjwa, juu ya madeni, juu ya ugomvi wa zamani. Hakuna anayekasirika, maana wote wanajua kwamba ndoa itawafunga pamoja. Biashara nayo ni kifungo. Muuzaji mwema atafurahi kuulizwa, kwa kuwa yeye ana majibu ambayo mdanganyifu hana.

4. Mkate wenye ukungu

Lakini, wapendwa, tujihadhari. Kuna kuuliza kwa kweli na kuna kuuliza kwa kujifunika.

Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 9, watu wa Gibeoni walikuja wakiwa na viatu vilivyochakaa, viriba vilivyopasuka na mkate wenye ukungu, ili waonekane kama wametoka mbali sana. Kumbe walikuwa majirani. Wazee wa Israeli hawakukosa kuchunguza. Walitazama mkate, wakashika vyakula kwa mikono yao. Kosa lao ni kwamba walichunguza kile walicholetewa, wala hawakutuma hata mtu mmoja aende akaone mji wenyewe.

Tangu 2011, kwanza Katanga kisha mahali pengine, magunia ya bati, koltani na wolframi yalianza kufungwa etiketi. Mtumishi wa serikali anafunga etiketi yenye namba kwenye shimo, anaandika katika kitabu, na negosianti anapata yake ya pili. Kazi hii ilikuwa njema katika shabaha yake, nayo ilifungua tena soko kwa wachimbaji wengi. Lakini wachunguzi wa ONU walionyesha mara kadhaa kwamba etiketi zenyewe ziliuzwa kama bidhaa na kufungwa kwenye magunia ya mahali pengine. Mwaka 2022 shirika la Global Witness liliandika kwamba mpango wa iTSCi ulipitisha mizigo ya namna hiyo. Wenye mpango walikataa mashitaka hayo. Sisi hatutaki kuwa waamuzi kati yao. Tunasema tu kwamba etiketi ni mkate wa Gibeoni: inaonyesha kile ambacho mwenye kuileta anataka kionekane. Ukitaka kujua, lazima mtu aende hadi mjini.

Angalieni Rubaya katika Masisi, mahali panapotoa sehemu kubwa ya koltani ya dunia. Mwisho wa Aprili 2024 M23 iliuteka mji ule. Raporti ya wachunguzi wa ONU ya Desemba 2024 ilisema kwamba kundi hilo lilikusanya angalau dolari 800.000 kila mwezi kwa kodi ya koltani, na kwamba tani zipatazo 120 kwa mwezi zilipelekwa Rwanda na kuchanganywa na mzigo wa huko. Mzigo uliochanganywa hivyo unaweza kusafiri na karatasi zote. Mnunuzi aliye mbali anafungua faili, anaona mihuri, analala vizuri. Lakini faili ile ilijibu hofu yake mwenyewe: nisishitakiwe. Haikujibu swali la mtu wa shimoni: je, unaniona?

5. Kosa la kukimbia

Sasa tunafika mahali pagumu zaidi. Wako wanaosema: «Kama ni hivyo, tusinunue kabisa huko. Tukae na mikono safi.» Neno hili linafanana na utakatifu, lakini tulipime nalo.

Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alifunga uchimbaji katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, na ulifunguliwa tena Machi 2011. Lakini mwezi uliofuata wanunuzi wengi wa ng'ambo waliacha kununua mzigo usiokuwa na etiketi, na katika Kivu etiketi zilikuwa karibu hazipo. Matokeo yake tuliyaona: ndege hazikutua tena, sabuni na chumvi zilipanda bei katika vijiji vya karieri, watoto walirudishwa nyumbani kwa kukosa feza ya masomo. Wachimbaji wengi walihamia dhahabu, ambayo inafichwa kwa urahisi katika mfuko wa shati. Hivi kuchunguza kulikokusudiwa kufukuza giza kulisukuma watu wengine gizani. Septemba 2014 wataalamu 70, Wakongo na wageni, waliandika barua ya wazi wakisema kwamba sheria hizi zilifanyika bila kuwasikiliza watu wa mahali, na kwamba ziliwaumiza wale zilizotaka kuwasaidia.

Makuhani wakuu katika Matayo 27 walizipokea tena zile feza thelathini, wakakataa kuziweka katika sanduku la hekalu, kwa kuwa zilikuwa bei ya damu. Tazameni uangalifu wao! Walijua sheria ya sanduku. Walilinda hesabu isichafuke. Lakini mtu aliyeuzwa kwa feza hizo alikuwa bado hai mikononi mwa Pilato, na hakuna hata mmoja wao aliyekwenda kumtetea. Sanduku lilibaki safi, na mtu akafa. Kila mara uchunguzi wa biashara unapolinda sanduku na kumsahau mtu, unafanana na kazi yao.

Basi tufanye nini? Mwongozo wa OCDE wenyewe una hekima ambayo wengi hawaitaji. Unatenga mambo mawili. Ikiwa muuzaji ameungana na kundi lenye silaha, au kuna kazi ya kulazimishwa, au mateso, au utumikishwaji mbaya wa watoto, mnunuzi aache mara moja. Hapo hakuna kupatana. Lakini kwa shida nyingine, kama askari wa serikali wanaotoza feza bila haki, mwongozo haumwambii akimbie kwanza. Unamwambia abaki, aweke mpango pamoja na muuzaji na wakubwa wa mahali, kisha apime kama mambo yamebadilika katika miezi sita. Yasipobadilika, ndipo asimamishe biashara au aivunje.

Yoshua naye, alipogundua udanganyifu wa Wagibeoni, aliwakemea na kuwapa kazi, lakini hakuwaua. Na adui walipowazunguka, alipanda usiku kucha kutoka Gilgali kwenda kuwaokoa. Yule aliyefanya agano amejifunga pia kutengeneza.

6. Kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake wa kuchagua

Linabaki swali la haki. Je, mchimbaji wa Rubaya anayetoa kodi kwa mwenye bunduki ana hatia sawa na komptuari? Je, tukatae sadaka yake?

Sisi tunaona kwamba wajibu wa kuuliza unakua pamoja na uwezo wa kuchagua. Aliye na bunduki mgongoni hachagui. Yeye ndiye aliyejeruhiwa, na senti yake katika sahani ya sadaka ni kama ya yule mama mjane. Mchukuzi anachagua kidogo. Negosianti anachagua zaidi, maana ana feza na anaweza kwenda shimo lingine. Komptuari inachagua zaidi yake. Na kampuni kubwa ya ng'ambo inachagua kuliko wote, kwa hiyo iulizwe kuliko wote, tena igharimie uchunguzi huu. Wachimbaji wengi wamelalamika kwamba gharama ya etiketi inashushwa chini hatua kwa hatua hadi inakatwa katika bei ya kilo yao. Hii si haki. Mwenye nguvu asinunue usafi wake kwa feza ya maskini.

Na sisi wa kanisa tusijitoe katika hesabu hiyo. Negosianti tajiri akileta mabati ya paa la hekalu, shemasi ana uhuru wa kuchagua ambao mchimbaji hana. Tumkaribie kwa heshima kama ndugu, tumuulize maswali yale matano. Akiwa na majibu, tumshukuru Mungu. Akiwa hana, tumsaidie kuyatafuta, na paa lingoje. Afadhali kusali chini ya majani kuliko chini ya mabati yanayolia machozi ya watu tusiowajua.

Ndugu na dada, mnaonunua nunueni kwa macho yaliyofunguliwa. Mnaouza andaeni majibu ya kweli, na andikeni vitabu vyenu. Mnaochimba semeni, msiogope kusema kwa wachungaji na wazee yanayotendeka kwenye njia. Penye damu tuache mara moja. Penye kasoro tubaki, tuitengeneze, tuhesabu miezi. Na kila mtu asimamapo mbele ya mizani akumbuke kwamba kuna mtu wa tatu ambaye hakufika sokoni, naye Mungu amemwona.

Ni sisi, watumishi wenu katika kazi ya ushemasi.